Mali kauli haikuzaliwa Instagram

Tunaambiwa kuna jambo jipya mjini. Unapeleka gauni lako dukani, mwenye duka analitundika. Likiuzwa mnagawana, lisipouzwa unarudishiwa. Eti ndiyo njia ya kisasa ya kuuza nguo zilizovaliwa, imetoka Marekani na Ulaya, inatunza mazingira, na tafadhali usiziite mitumba. Ziite "thrift". Ziite "vintage". Neno mitumba, wanasema, lina harufu.

Sina ugomvi na mtu anayeuza gauni lake. Ugomvi wangu ni na hilo katazo la neno, na kwa kuwa hapa tunakutana watu wa maneno, acha tulizungumze hapahapa.

Mtumba, kabla ya kuwa nguo iliyovaliwa na mwingine, ulikuwa mzigo: robota lililofungwa ili libebwe, hasa la nguo, lile lililokaa kichwani au begani kwa mpagazi. Ndani ya neno kuna swali ambalo "thrift" haina: nani amebeba?

Nenda Tunduma utapata jibu. Mji umekaa juu ya mpaka; ukivuka hatua chache uko Nakonde, Zambia, na shilingi na kwacha zinapishana mikononi mwa watu. Shati ambalo upande huu ni mtumba, upande wa pili ni salaula, neno la Kibemba la kuchagua kwa kupekuapekua lundo. Rwanda nao wamechukua chagua yetu wakaiandika caguwa. Majirani wameipa biashara jina la kile anachofanya mnunuzi. Sisi tumebaki na jina la mzigo. Kwangu hilo ndilo lenye ukweli mwingi zaidi, na ndilo tunaloambiwa tuliache.

Sasa tuje kwenye huo upya. Kuchukua mali ya mtu, ukaiuze, halafu ndipo ulipe, kuna jina la Kiswahili tangu zamani: mali kauli. Mchuuzi asiye na mtaji anachukua belo kwa mwenye stoo kwa kuaminiana tu. Neno lake ndiyo dhamana yake. Hakuna aliyesubiri Instagram imfundishe.

Lakini tofauti ipo, na ndiyo inayofichwa na majina mazuri. Kwenye duka la kisasa, gauni lisipouzwa linarudi kwa mwenyewe. Duka limepoteza nafasi ya henga moja. Belo la mitumba linauzwa likiwa limefungwa. Mchuuzi anaambiwa aina na gredi: mashati, suruali, nguo za watoto. Yaliyomo hayajui. Akishakata kamba, basi, hakuna kurudisha. Zikitoka kola zilizochakaa na zipu zilizokufa, ni zake, na deni liko palepale. Wanaowahi wanachagua zile safi. Zinazobaki zinashuka bei, zinaingia mnadani kwa jero na buku, na za mwisho kabisa zinakuwa tambara la kufutia mikono gereji.

Na baadhi ya hao wanaowahi ndo haohao watakaopiga pasi, wapige picha, na kuziuza kwa jina la kigeni. Kufua ni kazi, kupiga pasi ni kazi, simnyimi mtu faida yake. Ila bei mpya imelipiwa na kitu kingine pia: kumfuta aliyekata kamba. Hasara alishaibeba yeye. Sifa ya "jicho la kuchagua" inakwenda kwa mwenye ukurasa.

Wakubwa nao wakigombana, mchuuzi hatajwi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019, ili viwanda vyetu vipate pumzi. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kikalalamika, AGOA ikawekwa mezani, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwenye nguo. Viwanda vilitajwa, mikataba ikatajwa. Mwenye belo la deni hakuwa na sentensi yake.

Najua kuna atakayeniambia: unatetea makapi ya Ulaya, wakati Urafiki, kiwanda tulichokifungua mwaka 1968, kinajulikana kilikoishia. Hoja ya viwanda ni nzito na naiheshimu. Lakini haijibiwi kwa kubadili lebo. Kama kuvaa mtumba ni aibu, ni aibu hata ukiitwa kwa Kiingereza. Kama si aibu, basi mwacheni mama wa Tunduma na jina lake.

Na sisi tunaosoma na kuandika tusijifanye watazamaji. Mara ngapi tumekutana na mhusika aliyevalishwa mtumba ili tu tujue ni maskini? Mwandishi anamaliza kazi kwa neno moja, anaendelea na safari yake. Hivi jamani, ile dakika ya kukata kamba, mtu amesimama mbele ya kilo kadhaa za nguo asizozijua, ada ya mtoto ikiwa humo ndani au haimo, tunataka kisa gani zaidi? Pale kuna kamari, kuna uaminifu, kuna deni, kuna watu waliozunguka wakisubiri kunyakua. Riwaya nzima imefungwa kwa kamba ya plastiki, nasi tunaipita tukitafuta mada.

Kwa hiyo, mwenye duka, tundika nguo zako, weka marashi, weka taa, panga bei utakayo. Kwenye lebo andika mtumba. Nawe mwandishi, ukishamvalisha mhusika wako shati hilo, tuambie pia ni nani aliyekata kamba, na kama lile deni alilimaliza.