Darubini Moja kwa Karatasi na kwa Nguruwe-Mwitu?

Baba mmoja wa Bukavu ametuletea barua aliyoandikiwa na mwanawe. Kijana huyo anakaa Ubelgiji, upande wa milima ya Ardennes. Amefaulu mtihani wa wawindaji, ule wa maandishi na ule wa kupiga shabaha. Bunduki amekwisha kuinunua kwa cheti, na sasa ataka darubini ya kufunga juu yake. Siku za Jumamosi hupiga karatasi pamoja na wenzake wa chama cha shabaha, na tangu mwezi wa Oktoba amealikwa kuwinda nguruwe-mwitu. Fedha alizo nazo ni za darubini moja tu. Muuzaji amemwonyesha moja nzuri, iliyoandikwa 6-24x50, nayo yala karibu mshahara wake wa mwezi mzima. Baba auliza: je, mwanangu ainunue?

Sisi twajibu mara moja: asiinunue hiyo. Lakini jibu lisilo na sababu halimtoshi kijana, basi na tueleze.

Kwanza namba. Zile zilizo mbele ya herufi x zaonyesha darubini yakuza mara ngapi. Namba ya nyuma ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Darubini ya 4x32 hukuza mara 4 daima, na kioo chake kina milimita 32. Ile ya 6-24x50 hukuza mara 6, na ukizungusha pete yake hufika mara 24. Watu wengi hudhani kwamba kukuza zaidi ndiko kuona zaidi. Sivyo. Darubini ikuzayo sana hukuletea kitu kimoja karibu, na vitu vyote vilivyo kando yake hukuficha. Kwa umbali wa meta 100, darubini ya mara 1, yaani isiyokuza kitu, huonyesha upana wa meta 35 au zaidi. Ya mara 4 huonyesha meta 10 hivi. Ya mara 24 huonyesha meta moja na nusu tu.

Sasa tazameni jinsi nguruwe-mwitu wawindwavyo katika Ardennes. Katika miezi ya mwisho ya mwaka wawindaji husimama katika mstari kando ya msitu, au penye njia zilizofyekwa, kila mmoja mahali pake asipohama. Watu wengine pamoja na mbwa hupita msituni wakipiga kelele ili kuwafurusha wanyama. Nguruwe hutoka mbio, mara nyingi kwa umbali wa meta 30 au 40, naye huivuka njia kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili, tatu. Mtu mwenye darubini ya mara 6, ambayo ndiyo ndogo kabisa katika ile ya muuzaji, kwa meta 40 ataona upana wa meta mbili na nusu hivi. Nguruwe mkubwa peke yake ana urefu wa meta moja na nusu. Basi kiooni mna nguruwe na majani machache. Mbwa amfuataye hayumo. Mtu aliyetokea kichakani upande wa kuume hayumo. Wawindaji wa huko hufundishwa kupima pembe ya nyuzi 30 kutoka kwa jirani yao, wasipige kamwe ndani yake. Lakini pembe hiyo yawezaje kupimwa na jicho lililofungwa ndani ya mrija?

Kwa kazi hiyo mafundi wametengeneza darubini ndogo, mfano 1-6x24. Ikiwa kwenye mara 1, mwindaji hufungua macho yote mawili. Huona msitu wote mbele yake, na katikati nukta nyekundu iwakayo kwa betri ndogo. Aweka nukta juu ya mnyama, basi. Nguruwe akisimama mbali, pete yazungushwa.

Uko uwindaji mwingine tena, wa kukaa juu ya kiti kirefu cha miti na kumngoja paa au ayala jioni, jua likichwa. Hapo mwanga ndio adui. Wanafunzi, chukueni kalamu: gawanyeni namba ya kioo cha mbele kwa namba ya kukuza. Darubini ya 8x56 yatoa 7. Ndio upana, kwa milimita, wa mshipi wa nuru uingiao jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka kadiri ya milimita 7, ya mzee hupungua, labda 5. Basi 8x56 hujaza mboni yote ya kijana. Ile ya muuzaji, ikiwa kwenye 24, yatoa milimita 2 tu, na jioni mnyama huwa kivuli ndani ya kivuli. Kwa sababu hiyo wazee wa Ujerumani na Austria waliipenda 8x56, ijapokuwa ni nzito na haina pete ya kuzungusha.

Lakini kioo kikubwa peke yake hakitoshi. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma karibu sehemu 4 katika 100 za nuru. Darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo hupoteza theluthi ya nuru yote njiani. Mwaka 1935 mtaalamu Olexander Smakula, aliyefanya kazi kwa Zeiss, aligundua jinsi ya kupaka kioo utando mwembamba mno uzuiao kurudi huko. Ndiyo maana vioo vya siku hizi vyaonyesha rangi ya zambarau au ya kijani ukivitazama kwa upande. Darubini ya 40 iliyopakwa vizuri yaweza kuishinda ya 56 iliyopakwa vibaya, na jambo hilo muuzaji hataliandika juu ya sanduku. Kijana aiombe ruhusa aitoe nje ya duka saa kumi na mbili ya jioni, atazame chini ya mti wenye kivuli. Dukani, penye taa nyingi, darubini zote ni nzuri.

Na shabaha ya karatasi? Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Karatasi haikimbii, wala haiogopi. Mpigaji amelala juu ya mkeka, ana muda wake wote. Kukuza mara 24 kwamsaidia kweli, maana huona hata matundu ya risasi zake. Tena ahitaji mambo matatu ambayo mwindaji wa msituni hayatafuti sana. La kwanza ni vifundo vya kusahihisha, vilivyo wazi na vyenye hatua ndogo. Katika darubini nyingi za Ulaya kila mlio wa kifundo huhamisha pigo kwa sentimeta 1 katika meta 100. Katika nyingi za Marekani ni milimita 7 hivi. Za shabaha huweza kushuka hata nusu ya hiyo.

La pili ni gumu kidogo. Fungeni jicho moja, inueni kidole mbele ya dirisha, kisha sogezeni kichwa: kidole chaonekana kuhama juu ya ukuta wa nyumba ya jirani. Alama ya msalaba iliyomo ndani ya darubini hufanya vivyo hivyo, ikiwa picha ya shabaha haikuanguka mahali pale pale ilipo alama. Kosa hilo mafundi huliita paralaksi. Darubini za kuwindia hurekebishwa kiwandani kwa umbali mmoja, mara nyingi meta 100, na kwa nguruwe yatosha. Mpigaji wa mbali ahitaji kifundo cha pembeni ili airekebishe mwenyewe.

La tatu ni mahali ilipowekwa alama. Ikiwekwa mbele, hukua na kupungua pamoja na picha, na vipimo vyake ni vya kweli daima. Lakini kwenye kukuza kidogo huwa nyembamba kama utando wa buibui, na msituni haionekani. Ikiwekwa nyuma, hubaki na unene ule ule, lakini vistari vyake vya kupimia ni sahihi kwenye kadiri moja tu ya kukuza.

Kabla ya yote, kijana aulize kanuni za chama chake. Si kila shabaha yaruhusu darubini. Katika mashindano ya dunia ya ISSF ya bunduki, ya meta 50 na ya meta 300, darubini zimekatazwa. Wapigaji hutumia matundu na pete za chuma tu, nao huipiga duara ya sentimeta 10 kwa meta 300. Wengine huiruhusu, kama wale wa mchezo uitwao F-Class, ulioanzishwa Kanada na George Farquharson, ambaye herufi F ni ya jina lake; hao hupiga hata kwa yadi 1,000, yaani meta 914. Ingekuwa hasara kubwa kununua kitu cha mshahara mzima na kukiacha nyumbani ndani ya sanduku.

Watu wa kwetu watatuuliza: na sisi? Katika msitu wetu mnene, ambamo paa mdogo huonekana kwa hatua ishirini au thelathini kisha hupotea, na bunduki ni ya marisau, darubini ni mzigo wa kunasa kwenye kamba za miti. Huku kwetu cheti cha kuwinda na orodha ya wanyama waliokatazwa, okapi wa kwanza wao, ndiyo yenye kazi kuliko kioo.

Ushauri wetu kwa kijana, basi, ni 1-6x24. Asijihuzunishe kwa ajili ya Jumamosi zake: kwa meta 100, na kwa mara 6, aweza kupiga karatasi vizuri kabisa. Matundu hatayaona, lakini vyama vya shabaha huwa na darubini kubwa ya miguu mitatu ya kutazamia. Wako watakaomwambia achukue ya katikati, 2.5-10x50. Si mbaya, kwa meta 40 huonyesha upana wa meta 6 hivi, na jioni ina nuru ya kutosha. Kama wamemwalika zaidi kwenye viti virefu kuliko kwenye mistari ya msituni, hata sisi tungemchagulia hiyo. Lakini barua yake yataja nguruwe na mbwa. Karatasi ikipigwa vibaya hupoteza alama. Nguruwe akipigwa tumboni huenda akafia kichakani baada ya siku mbili, na mbwa akipigwa, mwenyewe yupo pale analia. Baadaye, fedha zikipatikana, aweza kununua ya pili pamoja na vishikizo vya kufungulia kwa mkono, ili zibadilishane juu ya bunduki ile ile. Lakini kila akibadilisha apige kwanza risasi tatu kwenye karatasi, hata kama muuzaji ameapa kwamba hurudi mahali pake.

Aifunge na fundi, au na mtu ajuaye. Darubini nyingi zinazosemwa ni mbovu zimelegea skrubu tu. Tena aiweke mbali na jicho sentimeta 8 hadi 10, kama kitabu chake kisemavyo, na ajaribu akiwa amevaa koti lake la baridi, kwa maana bunduki hupiga teke. Wawindaji wengi wa huko wana kovu dogo la mwezi mwandamo juu ya nyusi. Walilipata siku ya kwanza.

Na tofauti ya bei kati ya ile ya muuzaji na hii yetu, kama ipo, asiirudishe mfukoni. Anunue darubini ya macho mawili ya kuning'iniza shingoni, 8x42 yafaa. Mwenye darubini ya bunduki peke yake, akisikia jani likilia kichakani, ataelekeza mtutu ili ajue ni nini. Na huenda ni mtu mwenye filimbi anayemtafuta mbwa wake.