Daraja Limetupa Saa, Tumezipeleka Wapi?



Kwa miaka mingi sisi Waislamu wa Mwanza na Sengerema tulikuwa na udhuru mmoja usiokataliwa na mtu: kivuko. Aliyechelewa darsa alikwama Kigongo. Aliyekosa mazishi alikuta foleni ndefu Busisi. Hatukumlaumu, kwani nasi tumekaa pale muda mrefu tukiyatazama maji.

Tarehe 19 Juni 2025 udhuru huo ulikufa. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa, na sasa gari huivuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache tu. Basi tunauliza, tena bila ya kuoneana haya: saa zile tulizorudishiwa ziko wapi?

Misikitini hatuzioni. Darsa ya baada ya Magharibi ingali na safu moja, na safu yenyewe ni ya wazee. Majumbani nako hazikufika. Aliyekuwa akivuka na mzigo mara moja kwa siku sasa huvuka mara mbili, na watoto wake humwona akiwa usingizini. Zilizobaki zimemezwa na simu na vibanda vya mpira.

Tutaambiwa kuwa kutafuta riziki nako ni ibada. Ni kweli, wala hatubishani. Tatizo ni kwamba hiyo ndiyo ibada pekee tunayoipangia muda. Nyingine zote twazipa makombo. Mtume (s.a.w.) alikwisha kututahadharisha kuwa afya na wasaa ni neema mbili ambazo wengi hupata hasara ndani yake. Wasaa tumeupata, tena kwa zege na chuma, na hasara tumeanza kuihesabu.

Tuwatazame wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hili. Hao hawaingii ziwani usiku wowote tu. Taa zao huwavuta dagaa penye giza; mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hushindwa, nao huivuta mitumbwi ufukweni. Kwa hiyo mwezi wao mzima umepangwa kulifuata giza. Kushona nyavu, kutengeneza injini, kwenda kuwaona jamaa, hata harusi, hungoja mbalamwezi. Hatujapata kumsikia mvuvi akisema kwamba alilisahau giza. Sisi tuna miadi mitano kila siku, inayojulikana kwa jua na kivuli chake, nasi huipenyeza baina ya mteja na mteja.

Utaratibu unaotakiwa si mgumu. Swala tano ziwe nguzo, shughuli zijengwe kuzizunguka. Robo saa baada ya Alfajiri iwe ya watoto na Kur'ani, kabla ya shule na soko. Muda baina ya Magharibi na Isha usiuzwe kwa bei yoyote. Mgonjwa aliyelazwa Bugando aandikiwe siku yake, kama anavyoandikiwa mdaiwa. Kila mwenye duka ana daftari la madeni. Ni wangapi humo wameandika siku ya kwenda kumwona mama?

Nasi tuliomo katika kamati za misikiti hatujisafishi. Kikao huitwa saa kumi, kikaanza baada ya Isha. Tumewahi kujadili rangi ya mazulia hadi saa tano usiku, kisha posho ya mwalimu wa madrasa ikaahirishwa kwa sababu, eti, muda haukutosha. Mwalimu huyo alingoja nje na viatu vyake mkononi.

Kikao kijacho posho yake iwe ajenda ya kwanza, kabla hata ya kusomwa kumbukumbu, na kianze saa iliyotajwa kwa watakaokuwapo. Atakayekuja baadaye akisema amekwama kivukoni, tumuulize: kivuko kipi?