Dekha Ibrahim Abdi: Kwani Mpaka Nobel?



Juzi hapa dukani kwetu Kasoli, Bariadi, tulikuwa tunamalizia shela la bi harusi huku tukimzungumzia marehemu Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, Kenya. Mteja mmoja akatukatiza: "Kama alikuwa mkubwa hivyo, mbona hakupewa Nobel?" Swali lilitukera. Leo tunalijibu.

Kwanza tumjue. Mwaka 1992 koo za Wajir zilikuwa zinauana. Wanawake wachache wa koo tofauti walikutana harusini, wakaanza kuzungumza jinsi ya kuyasimamisha mauaji yale. Dekha, mama kijana, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo. Wakaanzia sokoni: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wakatia saini Azimio la Al-Fatah. Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Dekha alikuwa tena mstari wa mbele kutafuta sulhu. Mwaka huohuo wa 2007 alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Right Livelihood.

Sasa hiyo Nobel. Wanaoruhusiwa kupendekeza majina ni watu kama wabunge, mawaziri, maprofesa na waliowahi kuipata. Muuza maziwa wa soko la Wajir hamo. Wanaoamua ni watu 5 wanaoteuliwa na Bunge la Norway. Mwaka 1973 walimpa Henry Kissinger, na vita vya Vietnam vikaendelea. Gandhi hawakumpa kabisa. Na marehemu hapewi. Dekha alifariki kwa ajali ya gari Julai 2011. Miezi mitatu baadaye tuzo ikaenda kwa wanawake 3: Ellen Johnson Sirleaf na Leymah Gbowee wa Liberia, na Tawakkol Karman wa Yemen. Hatuwaonei kijicho, walistahili. Tunachokataa ni kumpima mwanamke wetu kwa medali ya Oslo, kana kwamba damu aliyoizuia isimwagike haihesabiki mpaka wageni wapige makofi.

Na sisi wenyewe tumo kwenye lawama. Tukitoka harusini tunasimulia shela, keki na ukumbi. Mama aliyezipatanisha familia mbili mpaka ndoa ikafungwa, nani anamtaja? Bi harusi anafundwa kupika, kujipamba na kumtunza mume. Nani anamfunda kwamba kusuluhisha waliogombana ni ibada yenye ujira mkubwa, na kwamba dada yetu wa Wajir aliifanya huku risasi zikilia?

Makungwi, tunawaomba mwongeze somo hilo. Nasi tutalisimulia kwa kila bi harusi anayekuja kupimwa nguo hapa dukani.

Allah amrehemu Dekha, amlipe kwa kila roho iliyosalimika. Amin.