Sherehe Huanzia Chunguni



Wako baba wenye nyumba ambao, wasikiapo ngoma ikilia mtaani siku ya mapumziko, huguna na kusema kwamba sherehe ni anasa ya kumalizia mshahara. Sitaki kubishana nao, maana mwisho wa mwezi ni mwalimu mkali kwetu sote. Lakini leo nakuomba ufuatane nami hadi mji wa Los Angeles, katika jimbo la California huko Marekani, tuingie mtaa mfupi uitwao Olvera Street na tuwatazame watu wenye asili ya Meksiko wakila na kucheza. Tukirudi, utaamua mwenyewe kama fedha iliyotumika imepotea.

Mtaa huo upo katika kitovu cha mji mkongwe. Mwaka 1781 walowezi 44 kutoka Meksiko, nchi iliyokuwa bado chini ya Hispania, walianzisha kijiji mahali hapo, na zaidi ya nusu yao walikuwa na damu ya Kiafrika. Meksiko ilipopata uhuru mwaka 1821, kijiji kikawa chake. Vita vya mwaka 1846 hadi 1848 vikaitia California mikononi mwa Marekani. Basi familia za kwanza za Kimeksiko za mji huo hazikuhamia Marekani. Marekani ndiyo iliyowahamia. Tangu mwaka 1930 mtaa huo umekuwa soko la Kimeksiko, na magari hayaruhusiwi kupita.

Tumewasili katika sikukuu ya tarehe 5 Mei. Wengi hudhani kuwa hiyo ndiyo siku ya uhuru wa Meksiko, na huko ni kukosea. Siku ya uhuru ni tarehe 16 Septemba, ukumbusho wa wito alioutoa padri Miguel Hidalgo mwaka 1810. Tarehe 5 Mei ni ukumbusho wa mwaka 1862, pale jeshi la Jenerali Ignacio Zaragoza lilipolishinda jeshi la Ufaransa katika mji wa Puebla. Wameksiko wa California waliipokea habari hiyo kwa shangwe, wakaanza kuisherehekea katika miaka ile ile ya 1860.

Sasa tufuate harufu. Muuzaji wa kwanza anachoma mahindi. Amechomeka kijiti kwenye gunzi, amelipaka mayonezi, amelinyunyizia jibini na pilipili ya unga, kisha anakamua ndimu. Mkazi wa Kariakoo, aliyezoea mahindi yake ya kuchoma kwa ndimu na pilipili, atajiona yuko nyumbani, ingawa jibini litamshangaza kidogo.

Hatua chache mbele kuna mama anayepiga vitonge vya unga wa mahindi na kuviweka juu ya bamba la chuma lililo moto. Hizo ndizo tortilla, yaani chapati nyembamba za mahindi. Hapa, mama msomaji, tega sikio. Kabla ya kusagwa, mahindi hayo huchemshwa katika maji yenye chokaa safi ya chakula, yakalazwa usiku kucha, kisha yakaoshwa hadi maganda yatoke. Mbali na kulainisha punje, kazi hiyo hufungua vitamini iliyojificha ndani ya mahindi. Mataifa mengi yaliyoyapokea mahindi bila kuupokea ujuzi huo yaliugua pelagra, maradhi yanayoharibu ngozi, tumbo na hata akili, hasa miongoni mwa maskini ambao hawakuwa na kitu kingine cha kula. Bibi wa Meksiko aliijua dawa hiyo maelfu ya miaka kabla ya maabara kuijua sababu yake.

Tortilla ikikunjwa na kutiwa nyama, kitunguu na kotimiri, huitwa taco. Usiombe uma. Ishike kwa vidole, inamisha kichwa chako ubavuni na uiache taco ikae wima, la sivyo mchuzi wote utaishia kwenye shati lako la Jumapili. Pilipili huwekwa pembeni katika bakuli. Anza na tone moja, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kibanda cha Cielito Lindo kimekuwa hapo tangu mwaka 1934, kikiuza tortilla zilizoviringishwa na nyama, zikakaangwa na kumwagiwa mchuzi wa parachichi. Aidha, zipo tamale: unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta, ukatiwa nyama au maharage, ukafungwa katika maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke. Familia yenye busara hununua sahani moja moja na kuigawana, ili kila mtu aonje vyote na mfuko usilie.

Ukiona kiu, tazama mitungi ya vioo. Mmoja una maji ya mchele yenye mdalasini na sukari. Wa pili ni mwekundu, maji ya rozela. Wa tatu ni wa rangi ya udongo, na ukionja utatabasamu, maana huo ni ukwaju. Rozela na ukwaju asili yake ni Afrika. Nasi kwa upande wetu tunasonga ugali wa mahindi, nafaka iliyolimwa kwanza Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita na kuvuka bahari baada ya safari za Columbus. Mkonge nao, uliowalisha maelfu ya wafanyakazi wa Tanga na Morogoro, asili yake ni Meksiko. Uliingia Tanganyika mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Kwa hakika meza zetu zimekwisha kujuana, ijapokuwa wenye meza hawajaonana.

Ghafla tarumbeta zinalia. Ni mariachi, wamevaa suti za wapanda farasi zenye vifungo vya fedha, wakipiga fidla, magitaa na lile gitaa kubwa lenye tumbo nene liitwalo guitarrón. Akina dada wanazungusha sketi pana hadi uwanja unafanana na bustani iliyopeperushwa na upepo. Watoto nao wamefungwa vitambaa machoni, wanakipiga kwa fimbo kinyago cha karatasi kilichojazwa peremende. Kinapopasuka, hakuna mtu mzima anayesikilizwa tena.

Lakini tusiondoke kabla ya kuutazama uwanja wenyewe, ulio kwenye mlango wa mtaa. Tarehe 26 Februari 1931, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, maofisa wa uhamiaji waliuzingira wakiwa na watu wapatao 400 ndani yake, wakawahoji mmoja mmoja. Katika miaka hiyo watu wengi sana wenye asili ya Meksiko walisukumwa kurudi kusini, wakiwamo raia waliozaliwa Marekani. Mwaka 2005 jimbo la California liliomba radhi kwa sheria. Aidha, mwaka 1932 mchoraji David Alfaro Siqueiros alichora juu ya ukuta wa mtaa huu mtu mnyonge aliyesulubiwa. Mchoro ulipakwa chokaa, ukafichwa kwa miongo mingi, hadi ulipofunguliwa tena kwa umma mwaka 2012.

Na hayo hayajawa ya kale. Msako wa wahamiaji ulipoanza mjini humo Juni 2025, sherehe kadhaa za mitaani ziliahirishwa au kufutwa, kwa sababu watu waliogopa kutoka nje. Hapo ndipo thamani ya sherehe inapoonekana. Mama anayekunja tamale hadharani, pale pale watu wa kwao walipozingirwa, anasema kwa mikono yake kwamba yeye ni mwenyeji. Na mtoto anayekula tamale hiyo anajifunza kwao ni wapi kabla hajajua kusoma.

Basi, ndugu msomaji, ngoma itakapolia mtaani kwako, chukua watoto. Nenda nao mapema, kabla jua halijawa kali na vyakula vizuri havijaisha. Kuleni, chezeni, chekeni. Kisha mwulizeni mpishi chakula kile kinaitwaje kwao, nani alimfundisha, na tangu lini kinapikwa. Swali hilo halina bei, na jibu lake halimaliziki tarehe 30.

Jumapili njema.