Ngazi ya Milima

Sisi wa Pweto twakaa chini. Pale Mto Luvua unapotoka katika Ziwa Mweru, nchi ina mita 920 hivi tu juu ya bahari. Si ajabu basi vijana wetu wakitamani kufika juu. Wengine wametuuliza: «Tukikusanya fedha, je, twaweza kwenda moja kwa moja mpaka Margherita, kilele cha Ruwenzori kipitacho vyote vya Kongo?» Twawajibu: nia ni njema, lakini nyumba haianzwi kwa paa.

Wengi hudhani kwamba mlima mrefu ndio mgumu. Sivyo. Kilimanjaro una mita 5,895, nao wapita milima yote ya Afrika. Lakini kwa njia za kawaida hupandwa kwa miguu tu, bila kamba. Batian, kilele cha Mlima Kenya, kina mita 5,199. Lakini ni jabali tupu, na asiyejua kazi ya kamba hafiki. Margherita kina mita 5,109, nacho chataka viatu vyenye meno ya chuma na shoka dogo la barafu. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alikuwa mpandaji hodari; alikufa mwaka 1934 kwa kuanguka katika majabali ya Marche-les-Dames, mahali pasipo na mlima mrefu kabisa. Basi tusipime ugumu kwa mita peke yake.

Tupange sasa ngazi yetu. Kipandio cha kwanza ni Kundelungu, hapa kwetu Katanga, panapofika mita 1,700 hivi. Hapo kijana ajifunze kutembea siku nzima na mzigo, na kutunza miguu na maji yake. Cha pili ni Karisimbi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, mita 4,507. Upande wa Rwanda hupandwa kwa siku mbili. Hapo ataonja baridi na uhaba wa hewa. Cha tatu ni Kilimanjaro, kwa siku sita au saba bila haraka. Cha nne ni Margherita, kwa ajili ya barafu. Cha mwisho ni Batian, naye awe amejifunza kamba kwanza kwa mwalimu, katika majabali madogo.

Mtu atauliza: mbona Nyiragongo hamkuutaja? Miguu yaweza kuupanda, kwa kuwa una mita 3,470 tu. Lakini ni mlima wa moto, uliomwaga lava mwaka 1977, 2002 na 2021. Tena vita vimeisumbua sana nchi ile. Hatari hizo hazipimwi kwa nguvu za miguu.

Yashikeni na haya. Mkipita mita 3,000, kila usiku msilale zaidi ya mita 500 juu ya pale mlipolala jana. Na baada ya siku tatu au nne, pumzikeni siku moja. Mwenye kuumwa kichwa na kutapika asiendelee kupanda. Akipepesuka kama mlevi, au akihema hali ameketi, mshusheni upesi, hata ikiwa ni usiku. Msiseme: «Kilele ki karibu.» Kwa neno hilo wengi wamepotea.

Kurudi si aibu. Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani, alifika kwenye barafu ya Kilimanjaro, akarudi kwa kukosa vyombo vya kuipandia. Mwaka 1889 akaja tena pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, mjuzi wa barafu, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Kama asingalirudi mara ya kwanza, hangalifika mara ya pili.

Mlima hauhami, enyi vijana. Utawangoja. Nao wazazi wenu wawangoja vilevile, huku chini ziwani.