Mwili si Ganda

Katika maziko ya vijana wa machimbo hapa Geita nimesikia neno moja likirudiwa hadi limekuwa kama andiko: tusilie, hili ni ganda tu, mwenyewe ameshakwenda. Waombolezaji huitikia amina. Wapendwa, hilo si neno la Musa wala la Paulo. Ni la Plato.

Plato aliandika jinsi mwalimu wake Socrates, aliyehukumiwa kunywa sumu mjini Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, alivyokiendea kifo kwa utulivu, akiuona mwili kuwa kifungo cha roho. Si Wagiriki wote waliokubali. Wafuasi wa Epicurus walisema roho nayo hutawanyika. Lakini aliyeingia makanisani ni Plato.

Waebrania wa kale hawakumgawa mtu hivyo. Neno lao nefeshi ni koo, pumzi, uhai, mtu mzima. Aliyekufa alishuka Sheoli, yaani kuzimu, penye giza na ukimya, mwema na mwovu pamoja. Ayubu na Zaburi hazifichi uchungu huo. Na tumaini lilipotamkwa wazi, katika Danieli sura ya 12, halikuwa la roho kutoroka bali la waliolala mavumbini kuamka. Mafarisayo walilishika, Masadukayo wakalikataa. Paulo alipohubiri ufufuo Athens, baadhi walimdhihaki. Angesema ya Plato, wangemdhihaki kwa lipi?

Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, muda mfupi kabla ya kumfufua.

Sibishani na anayesema marehemu yuko mikononi mwa Bwana. Nami naamini hivyo. Nagombana na "ganda" kwa sababu linamfaa mno mwenye duara. Kama ni ganda, ya nini kukesha tukiondoa kifusi? Ya nini kuuliza matimba yalioza tangu lini? Ataleta sanda na gunia la unga, nasi tutaimba. Jirani zetu wa Kahama hawajasahau Nyangalata, mwaka 2015, watu watano walipotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nani angethubutu kuwahubiria mama zao habari za ganda siku ya arobaini?

Msiba ujao, neno hilo likisemwa, mimi sitaitikia amina. Nitakwenda kwa mwenye duara, palepale turubaini, nimuulize habari za matimba.