DISIKI GANI KWA ORDINATERI ZETU?



Mmesikia kwamba feza kidogo ya wazazi imepatikana kwa ajili ya ordinateri. Wengine wanasema: tutupe zile mashini nane za zamani, tununue mbili mpya. Mimi nakataa. Wanafunzi arobaini kwa mashini mbili, nani atajifunza?

Mashini zetu hazijafa. Chenye kukawia ni disiki. Disiki ngumu, ile tunaita HDD, ni kazi ya zamani: IBM ilitoa ya kwanza mwaka 1956, kubwa kama kabati, ikabeba herufi milioni 5 tu. Ndani yake kuko masahani yenye kuzunguka mara 5.400 ao 7.200 kwa dakika moja, na kichwa kidogo kinatembea juu yake kutafuta maandiko. Ukigonga meza wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza sahani, basi imekwisha.

SSD haina kitu cha kuzunguka. Inatunza maandiko katika chembe za umeme. Fujio Masuoka wa Japani alivumbua namna hiyo katika miaka ya 1980. Inaweza kusoma megabaiti 500 kwa segonde, HDD nyingi hazipite 200. Sisi wenye kupata umeme saa mbili tu jioni, tunajua bei ya dakika.

Lakini tusidanganyane. Kwa nafasi ile ile, HDD ni bei chini. SSD ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kusahau, na mara nyingi inakufa gafula, bila kulia. HDD mara nyingine inalia kwanza. Mwaka jana ile ya ofisi ililia tik-tik juma zima. Mimi mwenyewe nilisikia, nikanyamaza. Pointi za darasa la tano zikapotea, na walimu wakazitafuta siku tatu katika makaratasi. Ile kosa haikuwa ya disiki.

Kwa hiyo nasema: tununue SSD ndogo kwa zile mashini nane, bei yake yote haifike ya mashini mbili mpya, na turnevisi moja inatosha kuziweka. Tuanze na moja, tuone. Tena tuweke HDD moja kubwa kama gala, na kila siku ya posho tunakili kazi zote humo. Kwa hiyo kazi ya posho, mimi ninajitoa wa kwanza.

Mwenye neno lingine aandike katika gazeti lijalo.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita